Kurasa Zilizofungia Njugu

Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na ndevu. Masomo yetu yalikuwa ya jioni, hapo Kitui mjini, katika shule ya msingi iliyotuazima madarasa, na madawati yake yalikuwa madogo hivi kwamba ukikaa magoti yanakugonga kidevu. Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa amekonda mpaka akisimama kando ya ubao tulikuwa tunamtafuta. Mchana nilikuwa fundi wa redio, jioni mwanafunzi, na nilipopata cheti, kisha diploma ya elektroniki kwa mtindo huohuo wa jioni, nilipiga nderemo hadi majirani wakadhani nimeokoka.

Nasema haya mapema ili ujue unasoma maneno ya mtu gani. Mimi hutia chumvi. Kuku wangu akitaga yai moja, nikifika sokoni limekuwa trei. Mke wangu hugawanya kila ninachosema kwa tatu, halafu anatoa moja. Lakini habari ya madaftari ya Kasikeu nitajaribu kuieleza kama ilivyokuwa, na pale chumvi itakaponiponyoka utaionja mwenyewe.

Kazi ilikuwa ya kubadilisha vituo vya kupima mionzi nchini. Usitishike na hilo neno. Mionzi iko kila mahali kidogo kidogo, inatoka kwenye mawe, kwenye udongo, angani, hata kwenye ndizi uliyokula asubuhi. Kituo kinawekwa ili tujue kawaida ya mahali, ndipo siku kitu kisicho cha kawaida kikija, hata kama kimeletwa na upepo kutoka nchi ya mbali, tukitambue. Vituo vya zamani vilikuwa masanduku meupe ya mbao juu ya miguu minne, kama nyumba ya njiwa, na ndani mna kipimo chenye mshale. Kila sanduku lilikuwa na mtunzaji wake, mtu wa hapohapo, anayesoma mshale asubuhi na jioni na kuandika kwenye daftari. Mwisho wa mwezi alipiga wastani na kutuma ofisini nambari moja tu. Mashine mpya zilikuwa nguzo za chuma zenye sola, betri na simkadi, zinazopima zenyewe na kutuma zenyewe. Mimi nilipewa kuongoza timu ya Kitui na Makueni. Timu yenyewe ilikuwa mimi, dereva na ngazi.

Mkubwa wetu ofisini alikuwa mtu mpole, hana maneno mengi. Kabla hatujaondoka alinikalisha chini. Kwanza, piga picha kila ukurasa wa kila daftari. Pili, acha sanduku la zamani na nguzo mpya zisimame pamoja mpaka mvua za mwisho wa mwaka zipite. Tatu, kiwango cha tahadhari, yaani nambari ambayo mashine ikiivuka inawasha taa nyekundu, kitoe kwenye madaftari ya mahali pale pale.

"Kila mahali pana kawaida yake," akasema. "Usichukue kawaida ya Nunguni ukaipeleka Kiboko."

Nilitikisa kichwa kama mjusi. Lakini kuna kitu kingine alichokuwa amesema kwenye mkutano, na hicho ndicho kilichobaki masikioni mwangu: timu itakayomaliza kwanza ndiyo itakayosimama Nairobi mbele ya wageni na kueleza kazi. Mimi, wa madawati ya jioni! Siku hiyohiyo nilikwenda kwa fundi wa nguo akanipima suti.

Tulifika Kasikeu siku ya soko, mwezi wa tisa, jua likiwa kali hata mbuzi walikuwa wanapanga foleni kwenye kivuli cha nguzo ya stima. Kituo kilikuwa nyuma ya kanisa, hatua chache kutoka sokoni. Mtunzaji wake alikuwa mama mjane aliyeirithi kazi hiyo kwa mumewe. Siku za soko aliuza njugu za kukaanga, na meza yake aliiweka mahali anapoliona sanduku. Alipotuona tunashusha ngazi, alimwachia jirani meza akaja akifuta mikono kwenye leso.

"Mwaitu, habari ya hapa?" nikamsalimu. Kwetu mama wa umri ule ni mwaitu wa kila mtu.

"Nzuri, mwana wakwa. Ndio mmekuja kunifuta?"

"Aa, kukupumzisha, mwaitu. Umefanya kazi kuliko punda wa maji."

"Na punda akipumzishwa huwa anapelekwa wapi?"

Dereva alicheka mpaka akaegemea gari. Mama hakucheka. Alinawa mikono kwa maji ya jagi, kisha ndipo akafungua sanduku. Nikamwuliza mbona ananawa, na mshale haujali mikono. "Mume wangu alikuwa ananawa," akasema.

Madaftari alikuwa ameshayaleta ndani ya vyondo viwili vya mkonge. Nikafungua moja. Mistari ilikuwa imenyooka kama mbaazi zilizopandwa kwa kamba. Asubuhi, jioni, asubuhi, jioni. Siku kavu kwa kalamu ya buluu, siku za mvua kwa nyekundu, na kando ya kila siku ya mvua amechora tone dogo la maji. Jirani aliyekuja kututazama akaniambia kwamba watu wakibishana mvua ya mwaka fulani ilianza lini, au mtoto fulani alizaliwa kabla ya mvua au baada yake, huja kwa mama huyu. Akifungua daftari, ubishi umekwisha. Hata chama cha akina mama kanisani kilimfanya katibu kwa sababu hiyo, kwamba alichokiandika yeye hakuna anayekipinga.

"Hii mashine yako inaijua mvua?" mama akaniuliza.

"Mwaitu, hii inaijua mvua kabla mvua yenyewe haijaamua kunyesha!"

"Basi niambie. Ile ya kwanza baada ya kiangazi ikinyesha, itapiga kelele?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kuuliza, "Kwa nini ipige kelele?" Swali fupi hivyo. Angenifungulia ukurasa mwekundu, angeniwekea kidole kwenye nambari, na mimi nisingekuwa na cha kuandika leo. Badala yake nilicheka. Nilivitazama vile vyondo viwili nikapiga hesabu: kupiga picha kurasa zote ni siku mbili nzima. Nikaifikiria suti. Nikamwambia, tena kwa sauti ya kuwachekesha waliosimama, "Mwaitu, haya madaftari yamemaliza kazi yake. Sasa ni ya kufungia njugu!"

Watu wakaangua kicheko. Mama akanitazama.

"Ofisi imesema hivyo?"

"Ofisi ndiyo mimi!" nikajipiga kifua.

Lazima nieleze jambo hapa. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, karatasi ni mali sokoni. Muuza njugu anakunja ukurasa wa daftari kuwa pembe, anajaza njugu, anafunga ncha. Kwa hiyo niliyoyasema kwa mzaha yalikuwa kazi halisi kabisa, na mbele yangu alikuwepo mtu wa kuifanya. Na mama huyu alikuwa amelifuata neno la ofisi maisha yake yote. Ofisi ikisema buluu, ni buluu. Ikisema sanduku lipakwe rangi nyeupe kabla ya Krismasi, anapaka. Neno la ofisi halijawahi kumfikia likiwa na utani ndani yake. Wa kwanza kulitia utani nilikuwa mimi.

Sikuishia hapo. Sanduku la zamani, lililotakiwa kubaki mpaka mvua zipite, nililing'oa siku hiyohiyo nikalifunga juu ya gari. Kiwango cha tahadhari nilikiandika kimoja kwa vituo vyote, kama mtu anayenunulia watoto sita viatu vya saizi moja. Kisha, kwa kuwa watu walikuwa wengi na mimi umati hunipanda kichwani, niliwasha taa nyekundu na king'ora kwa majaribio nikawahutubia: "Mkiona hii imewaka, jueni sumu imefika! Msiulize maswali! Kimbieni mpaka Mombasa!" Walipiga makofi. Muuza nyama mmoja aliniletea soda.

Timu yetu ilimaliza kwanza. Nilisimama Nairobi ndani ya suti nikaeleza kazi, na picha yangu iko ukutani kwetu, nimenyoosha kidole kwenye ramani kama mtu aliyezaa mito yote ya Ukambani.

Mwezi wa kumi na moja mvua ikaja.

Wacha nieleze alichokijua mama na nisichokijua mimi mwenye diploma. Ardhi hupumua gesi fulani isiyoonekana, na mabaki ya gesi hiyo hushikana na vumbi yakaelea hewani, hasa kiangazi. Mvua ya kwanza huyafagia chini yote kwa pamoja. Mshale hupanda kwa saa chache, kisha hushuka. Ni jambo la kawaida, halidhuru hata kifaranga. Lakini mashine yenye nambari ya kubahatisha haijui kawaida ni nini.

Taa ya Kasikeu iliwaka alasiri, king'ora kikalia, na watu wakafanya kama nilivyowaambia. Mimi sikuwepo, lakini nimesimuliwa na watu wengi kiasi kwamba naweza kuapa nilikuwepo. Muuza nyama aliyenipa soda alikimbia na kisu mkononi, na waliomwona wakakimbia maradufu. Kanisa lilijaa kuliko Pasaka. Mama alisimama peke yake kwenye mvua, ananyoosha mikono, anawaambia, "Rudini! Ni mvua tu! Itashuka sasa hivi!" Na kweli king'ora kilinyamaza kabla ng'ombe hawajarudi kutoka malishoni. Nje hakuna mwingine aliyekuwa amebaki kukisikia kikinyamaza.

Kufikia asubuhi simu zilikuwa zimebeba habari kila mahali kwamba Kasikeu imenyeshewa na sumu. Malori yaliyokuwa yaje kuchukua maembe yaligeukia njiani. Ule ulikuwa ndio mwanzo wa msimu, maembe yamejaa mitini. Yakaiva, yakaanguka, nzi wakafanya harusi.

Wiki hiyo mkubwa wetu alikuja mwenyewe. Mkutano ulifanyika ndani ya kanisa, chifu mbele, watu mpaka madirishani. Nilikuwa nimekaa nyuma ya mkubwa nikimshikia laptopu. Mama aliitwa aeleze, akasimama na leso yake safi.

"Mvua ya kwanza hufanya hivyo kila mwaka," akasema. "Mshale unapanda, halafu unashuka. Nimeuona miaka yote. Niliwaambia watu hapa siku hiyohiyo, wakanikimbia."

Mkubwa akainama mbele kama mtu aliyeona maji. "Mama, hilo ndilo nililokuja kulitafuta. Nambari ya mwezi uliyokuwa unatuma haiwezi kunionyesha siku moja, na picha za kurasa za hapa sijaziona. Lakini daftari linaweza. Nipe nilifungue hapa, kila mtu aone, na malori yatarudi."

Mama alijifuta mikono kwenye leso.

"Daftari, mama."

"Nilifungia njugu."

Mwanamume mmoja mwenye shamba la maembe akapaza sauti kutoka nyuma, "Kumbe kipimo tulikitafuna!" Kanisa likacheka. Lakini hakikuwa kile kicheko cha siku ya soko. Hiki kilikuwa na meno.

"Yote?" mkubwa akauliza.

"Yangu nilimaliza. Mengine niliwagawia wenzangu."

"Nani alikuruhusu?"

Mama aliinua macho. Yalifika kwangu, yakapita, kama mtu anavyopita mlango wa nyumba anayoijua bila kubisha. "Nilielewa vibaya," akasema. "Ni makosa yangu."

Maneno niliyotakiwa kusema yalikuwa manne: ni mimi niliyemwambia, mkubwa. Mimi naweza kuongea kutoka Kitui mpaka Kibwezi bila kumeza mate. Siku hiyo nilishika waya wa laptopu, waya usio na tatizo lolote, nikautengeneza, nikautengeneza tena, mpaka mama akakaa.

Walimwita Mla Madaftari. Watoto waliimba. Chama cha akina mama kilimwomba, kwa upole sana, ampe mwingine kalamu. Na wenye maembe walisema kama angekuwa ametunza alichopewa, wasingepoteza msimu, na ukiwasikiliza huwezi kusema walikuwa wajinga.

Nilianza kutafuta kurasa. Kila nilipopata nafasi nilikwenda soko moja baada ya jingine nikinunua njugu kwa kila muuzaji, namwaga njugu mfukoni, nakunjua karatasi. Hesabu za watoto wa darasa la nne. Insha za likizo. Nilikula njugu hadi nikaogopa kuota mizizi. Karibu na mwisho wa mwaka, kwa muuzaji mmoja hapo Kasikeu, nikakunjua pembe nikaiona ile mistari. Asubuhi, jioni, asubuhi, jioni. Moyo ulinidunda mpaka muuzaji akaniuliza kama nimepata jino la mtu. Nikasoma juu: mwezi wa nane. Ukurasa mzima ulikuwa buluu. Mwezi wa nane kwetu hakunyeshi hata machozi.

Kilichotuokoa, nikisema sisi nina maana ofisi, ni mzee wa kituo cha Kiboko. Mzee yule alikuwa amenikatalia kutoka. Alifunga geti, akaweka ufunguo mfukoni, akasema gari halitoki mpaka nipige picha kila ukurasa. Nililalamika kama ndama, nikazipiga. Kumbe picha zilikuwa zimelala kwenye kompyuta, nami nimezisahau. Mkubwa alipozifungua mwezi wa kwanza, akaona kila mvua ya kwanza, mwaka baada ya mwaka, nambari imepanda na kushuka, kama mama alivyosema. Viwango vya mashine vikarekebishwa. Barua ikabandikwa kwenye ubao wa chifu kule Kasikeu, kurasa mbili za maneno magumu, karibu na tangazo la chanjo ya mifugo. Jina la mtunzaji halikutajwa. Sijakutana na mtu aliyeisoma.

Hapo ndipo nilipomwendea mkubwa nikamwambia yote. Alinisikiliza, akavua miwani. "Mimi si mtu wa kuambiwa hayo," akasema. "Unamjua anayetakiwa kuambiwa."

Nilijua. Hata hivyo ilinichukua mpaka mvua nyingine ije na kupita. Taa ya Kasikeu haikuwaka mwaka huo. Ndipo nikanunua daftari kubwa, gamba gumu, kalamu mbili, buluu na nyekundu, nikaenda siku ya soko.

Mama alikuwa mezani pake, sasa amegeuza kiti, ameipa nguzo mgongo. Nilimwomba msamaha. Nilimweleza kwamba alisema kweli, kwamba madaftari ya Kiboko yalionyesha, kwamba mkubwa anajua ni mimi. Nikampa daftari. Alilipima uzito mkononi.

"Umeniambia mimi," akasema. "Mimi nilikuwa najua. Waambie wale."

Akanionyesha soko kwa kidevu.

Nilikwenda katikati, pale wanaposhushia magunia ya ndengu. Wengi walinikumbuka. "Injinia wa king'ora!" wakaita. "Leo tukimbilie wapi?" Nikapandisha sauti nikasema: yule mama hakukosea. Mimi ndiye niliyemwambia afungie njugu. Alijua habari ya mvua, mimi sikujua. Mkutanoni niliogopa, akabeba kosa langu. Nilisema hivyo hivyo, sikuongeza hata punje.

Muuza nyama alikuwa wa kwanza kucheka. "Huyu naye!" akasema, akijipiga paja. "Eti na diploma yake hakujua mvua! Anamtetea tu mama wa watu. Ongeza, injinia, ongeza!" Wengine wakaja kusikiliza, tayari wanatabasamu. Nikarudia. Nikaapa. Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyocheka, maana ndivyo ninavyofanya siku zote, huapa. Mtu mmoja alininunulia soda. Niliishika chupa ile ikatoa jasho mkononi mwangu, sikuinywa.

Niliporudi mezani mama alikuwa ameshasikia, soko lenyewe si kubwa. Hakuniuliza. Alifungua daftari jipya, akachana ukurasa wa kwanza taratibu, kando ya nyuzi, akaukunja kuwa pembe, akajaza njugu za moto, akafunga ncha.

"Kula," akasema. "Kitui ni mbali."

Nilitoa pesa, akausukuma mkono wangu nyuma. Daftari lililobaki na zile kalamu mbili aliviweka ndani ya kiondo chini ya meza, akavifunika kwa leso. Sikuthubutu kuuliza ni la kuandikia au la kufungia.